Alama ya Ruzuku

Kituo cha televisheni kilipotangaza kwamba mwaka ule wa uchaguzi midahalo ya wagombea urais ingetafsiriwa kwa lugha ya alama, watu walianza kumpongeza Mwalimu kabla hata hajapeleka maombi. Nani mwingine? Alikuwa amefundisha shule ya viziwi tangu ujana wake. Kiziwi akishtakiwa, Mwalimu ndiye anayeitwa mahakamani. Akijifungua, Mwalimu ndiye anayesimama kando ya kitanda kumtafsiria mkunga. Mama yake mzazi alikuwa kiziwi, fundi cherehani, na mikono ya binti huyu ilijua kusema kabla ya mdomo wake.

Kwenye usaili alikwenda na mdogo wake. Nyumbani walimwita Kitinda, maana alikuwa kitinda mimba, aliyekuja Mama akiwa ameshagawa nguo zote za kichanga. Kitinda alikuwa mpokea wageni hotelini. Mwalimu alimchukua kama mtu anavyochukua mwamvuli asubuhi yenye jua: ukihitajika sawa, usipohitajika sawa. Huko wote wawili wakarekodiwa.

Siku ya matokeo, mkurugenzi wa vipindi hakumung'unya maneno.

"Mwalimu, wewe unajua sana, hilo halina ubishi," alisema. "Lakini kile kisanduku cha mkalimani pale kwenye kona ya skrini ni kidogo mno. Tuliwaonyesha viziwi video zenu, yako na ya mdogo wako, wachague wanayemwelewa vizuri zaidi. Wamemchagua yeye. Karibu wote."

"Karibu wote," Mwalimu alirudia, akitabasamu kwa meno tu.

Laiti angesema wamempendea sura! Hilo angelimeza, watu wa televisheni ndivyo walivyo. Lakini viziwi wenyewe, watu aliowafundisha kuandika majina yao, ndio waliomtazama wakamchagua mdogo wake. Na mikono ile ya Kitinda nani aliifundisha? Mama alipokuwa kwenye cherehani mchana kutwa, ni yeye aliyempakata mtoto na kumkunja vidole kimoja kimoja mpaka vikasema maji, vikasema njaa, vikasema nakupenda. Sasa vidole vile vile ndivyo vilivyomtoa.

Mama alipopata habari aliruka kama msichana. Alimkumbatia Kitinda, akamzungusha, akamwachia, kisha akamgeukia Mwalimu akampigapiga begani, kama anavyopigwapigwa mtu aliyesaidia kubeba mzigo.

"Sasa nitawasikia wenyewe," Mama alisema kwa mikono. "Nitajua nani anadanganya."

Mama alikuwa na sababu yake ya kuungoja mdahalo. Mtoto wa jicho alikuwa amemwanza, jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia. Mtu mwingine akipofuka anabaki na masikio. Mama angebaki na nini? Hospitali walikuwa wamempangia upasuaji, wakaahirisha, wakapanga tena, kila mara kuna karani anayemwambia kwa ishara za vidole kwamba mambo hayaendi bila kitu kidogo. Na uchaguzi wa mwaka ule ulikuwa wa afya na kilimo. Waziri, mgombea wa chama tawala, alikuwa anahubiri mbolea. Daktari, mgombea wa upinzani, alikuwa anahubiri matibabu. Mama alikuwa hajaamua.

Kitinda aliacha zamu za jioni hotelini akawa anakuja nyumbani kwa dada yake kufanya mazoezi. Alikuja na ilani za vyama vyote viwili kwapani, amezichorachora kwa kalamu.

"Dada, 'deni la taifa' nalifanyaje? Nikisema deni peke yake watadhani ni la dukani."

Mwalimu alimwonyesha. Hakumnyima kitu. Alimwonyesha deni la taifa, tume ya uchaguzi, bima ya afya kwa wote, mfumuko wa bei. Kila Kitinda alipoipata alama, aliirudia kwa namna yake, kidogo tu tofauti, na Mwalimu aliona kwa macho yake mwenyewe kwamba ile ya Kitinda ilikuwa nzuri zaidi. Hapo ndipo palipomuuma. Mtu ukizidiwa na asiyejua unajifariji, huyu alikuwa anajua, na hakuwa na majivuno, na kila akimaliza alisema, "Asante Dada, bila wewe ningeadhirika."

"Usijali mdogo wangu," Mwalimu alijibu.

Jioni moja Kitinda alifika amevaa gauni jipya. Lilikuwa la bluu iliyokolea, halina maua wala mistari, lenye mikono iliyofika kwenye kiwiko, kola ndogo, na mshono ulionyooka kama uzi wa fundi wa nyumba.

"Mkalimani lazima avae rangi moja ili mikono ionekane," alisema, akigeuka. "Mama amenishonea. Limenikaaje?"

Mwalimu aliliangalia lile gauni. Mwanzoni mwa mwaka alimpelekea Mama sketi yake ya kazini ipunguzwe kiuno tu, na Mama akamrudishia. Macho, alisema. Siwezi tena hata kutunga uzi kwenye sindano. Mwalimu akamwonea huruma, akaipeleka kwa fundi wa mtaani. Kumbe sindano ilikuwa inatungika. Ilitegemea nguo ni ya nani.

"Limekukaa," alisema.

"Na 'ruzuku' je? Waziri anaitaja kila sentensi. Serikali itatoa ruzuku ya mbolea, ruzuku ya mbegu. Niliwauliza vijana wa chama cha viziwi, hawana alama moja. Kila mtu anasema lake."

Zamani, kabla Kitinda hajazaliwa, Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo pamoja na viziwi wengine. Mwalimu, akiwa mdogo sana, alishinda chini ya meza ya kukatia vitambaa. Msimamizi wao alikuwa na aproni yenye mfuko mkubwa mbele, na mwanamke aliyetaka zamu nzuri alipitisha mkono chini ya meza na kuutumbukiza kwenye mfuko ule. Wanawake wale wakatengeneza alama yao: mkono mmoja unapita chini ya kiganja cha mwingine na kuishia kiunoni, kwenye mfuko. Hongo. Kiwanda kilifungwa, msimamizi akafa, na vijana wa leo wana alama nyingine kabisa ya hongo. Ile ilibaki kwa wazee wachache na kwa mtoto aliyekuwa chini ya meza.

Mwalimu alinyanyua mikono. Alipitisha mmoja chini ya mwingine, taratibu, mpaka kiunoni.

"Hii," alisema. "Wazee wote wanaijua."

Kitinda aliirudia. Aliifanya vizuri sana.

Alipoondoka, Mwalimu alikaa kwenye kiti akasema moyoni atampigia simu asubuhi amwambie amechanganya. Asubuhi ilipofika, alikuta Kitinda amemwandikia ujumbe wa kumshukuru, na chini yake picha: yeye na Mama, mashavu yamegusana, gauni la bluu likionekana. Mwalimu akaiweka simu kwenye pochi akaenda kufundisha. Kesho yake pia hakupiga. Kisha ikawa siku ya mdahalo, na kupiga simu wakati ule kungekuwa ni kumtia mtoto wa watu wasiwasi bure. Ndivyo alivyojiambia.

Jioni ile sebule ya Mama ilijaa. Wanawake wa kiwanda cha zamani walikuwa wamealikwa, wamekaa kwenye makochi na mikeka, na Mama alikuwa ameburuta kigoda chake mpaka karibu aguse skrini kwa pua. Mwalimu alisimama nyuma, ameegemea mlango wa jikoni. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasikia sauti.

Kitinda alitokea kwenye kona. Wanawake wakapunga mikono hewani kumshangilia. Alikuwa mdogo kama kidole, lakini kila alama yake ilifika.

Mtangazaji aliuliza kuhusu bei za vyakula. Waziri alirekebisha tai.

"Serikali yangu," alisema, "itatoa ruzuku kwa kila mkulima wa nchi hii. Si siri. Tulitoa mwaka jana, tumetoa mwaka huu, na tutaendelea kutoa!"

Na Kitinda, kwa uso wenye bidii na heshima, alisema kwa mikono: Serikali yangu itatoa hongo kwa kila mkulima wa nchi hii. Si siri. Tulitoa mwaka jana, tumetoa mwaka huu, na tutaendelea kutoa.

Kwanza wanawake walitazamana. Kisha bibi mmoja mnene aliyekuwa akishona vifungo kiwandani alijipiga paja, na wote wakaanguka kwa kicheko, wanashikana mabega, wanafuta machozi. "Angalau mmoja amesema kweli!" bibi yule alisema kwa mikono. Mama naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika katikati. Akasogea karibu zaidi na skrini.

 Mwalimu alikuwa ametazamia kujisikia vibaya. Hakutazamia ule utamu uliomtambaa mwilini kwanza.

Ikaja zamu ya Daktari. Alizungumza polepole, kama anaongea na mgonjwa.

"Mimi nitaweka ruzuku ya matibabu ya macho kwa wazee. Mzee yeyote mwenye mtoto wa jicho atafanyiwa upasuaji, serikali ichangie gharama. Asipofuke mtu kwa kukosa uwezo."

Hayo ndiyo maneno Mama aliyokuwa ameyangoja. Na yalivyomfikia yalikuwa hivi: kwa matibabu ya macho, wazee, hongo. Mwenye mtoto wa jicho, upasuaji, hongo.

Mama aliinua kichwa, akarudi nyuma kwenye kigoda.  Halafu akasema, kwa alama ndogo, kama anayejisemea: "Hata huyu."

Mwalimu aliona. Ule utamu ulimwishia mara moja, ukaacha kitu kichungu. Alipita katikati ya makochi, akasimama kando ya televisheni, akaanza kutafsiri mwenyewe. "Si hongo," alisema. "Ni msaada wa serikali. Macho ya wazee, serikali itachangia. Nitazameni mimi." Wanawake wakamgeukia. Kwa muda mfupi macho yote ya sebule yalikuwa kwenye mikono yake, kama alivyoota.

Mama alimtazama kwa makini. Kisha akanyoosha mkono, akamsukuma kiunoni taratibu.

"Sogea," alisema. "Unanizibia. Nimeshaelewa anachotaka kusema. Acha nimtazame mwanangu."

Wageni walipoondoka, Mama alimshika Mwalimu kifundo cha mkono asiende kuosha vikombe.

"Alama ile ameipata wapi?"

"Labda kwa wazee wa chama."

"Wazee wa alama ile walikuwa wamekaa hapa sebuleni. Kiwanda kilifungwa yeye hajazaliwa." Mama alimwangalia usoni. "Kulikuwa na mtoto mmoja tu chini ya meza."

Mwalimu alikwenda kuosha vikombe, na Mama hakuuliza tena.

Kufikia mwisho wa juma kipande kile cha video cha Waziri kilikuwa kwenye kila simu. Mtu mmoja anayejua alama za zamani alikiwekea maelezo, na nchi nzima ikacheka. Watu wa Waziri walisema ni njama ya upinzani. Watu wa Daktari walisema mikono haidanganyi. Kwenye mikutano ya hadhara, msafara wa Waziri ukipita, vijana wasiomjua kiziwi hata mmoja walipitisha mkono mmoja chini ya mwingine mpaka kiunoni na kupiga kelele. Fulana zilichapishwa. Wakaiita "alama ya dada wa televisheni."

Mwalimu aliiona fulana hiyo imevaliwa na muuza maji kituo cha basi, na, ingawa angeona aibu kumwambia mtu, roho ilimuuma upya. Hata hiyo wamempa yeye! Alama niliyoitoa utotoni mwangu, na bado ni ya Kitinda.

Kituo kilimsimamisha Kitinda kazi. Siku iliyofuata alikuja shuleni, akasimama kwenye mlango wa darasa mpaka watoto walipotoka. Hakukaa.

"Wameniuliza nani alinifundisha," alisema. "Nimewaambia nimeibuni mwenyewe."

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Kwa sababu nilikuwa sijakuuliza wewe bado. Nakuuliza sasa, Dada. Ulijua?"

Mwalimu alichukua dasta akaanza kufuta ubao uliokuwa umeshafutwa.

"Nilichanganya. Unajua siku zile nilikuwa na mitihani ya kusahihisha..."

"Dada, wewe huchanganyi." Kitinda hakupandisha sauti. "Ungekuwa unachanganya nisingekuja kujifunza kwako." Akaondoka, na Mwalimu akamsikia anawasalimia watoto uwanjani kwa mikono, na wao wanacheka.

Mkurugenzi wa vipindi alipiga simu mchana huo huo. Mdahalo wa pili umekaribia, alisema, hatuna mtu, tusaidie. Mwalimu alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Alinunua gauni la rangi moja dukani. Alipofika studio walimpaka poda, wakamweka mbele ya pazia la kijani, wakamwambia ajaribu. Alikuwa amesubiri nafasi ile, na sasa taa zilimwangukia usoni na hakuna aliyekuwa mbele yake.

"Subiri tukuonyeshe vipimo," alisema mpiga picha. "Mikono isivuke mstari huu. Mtazame mwenzako alivyofanya."

Akamwekea video ya Kitinda, kubwa, imejaa skrini nzima, bila Waziri wala Daktari. Mwalimu aliitazama ili aone makosa. Aliona kitu kingine. Ilipofika sehemu ya macho ya wazee, Kitinda aliinama mbele kidogo kuelekea kamera, akazipanua alama, akazipunguza kasi, kama mtu anayeongea na mmoja tu, mwenye macho mabovu, aliyekaa karibu sana. Alikuwa anaongea na Mama. Alikuwa anamletea habari njema kwa mikono miwili, na neno lililokuwa katikati ya habari ile lilikuwa limeoza, na hakujua.

"Anavuka mstari kidogo hapo," alisema mpiga picha. "Wewe usifanye hivyo."

"Mimi nisingefanya," Mwalimu alisema. Na ilikuwa kweli. Yeye angetafsiri bila kosa na asingemwinamia mtu yeyote. Akaelewa viziwi walichoona, na kuelewa hakukupunguza wivu hata chembe, kuliuongeza. Lakini sasa ulikuwa wivu wa kitu anachokijua, na hakuweza tena kujidanganya moyoni kuwa ni upendeleo.

Alimtafuta mkurugenzi kwenye korido, akamwambia yote amesimama: kiwanda, mfuko wa aproni, gauni la bluu, simu ambazo hakupiga.

Mkurugenzi alimsikiliza mdomo wazi.

"Nchi nzima inatukanana," alisema mwishowe. "Chama tawala kinataka kutupeleka mahakamani. Na nyinyi mmetuletea ugomvi wa jikoni kwenye mdahalo wa taifa?"

"Si sisi. Ni mimi."

"Toka, mama. Toka kabla sijasema neno nitakalojutia. Na mpigie mdogo wako."

"Hatapokea simu yangu," Mwalimu alisema. "Mpigie wewe."

Kituo kiliomba radhi hewani kwa "kosa la kitaalamu", na Kitinda akarudi akiwa na alama ya ruzuku aliyokubaliana na chama cha viziwi. Mwalimu alibaki na kazi ya shule, ingawa mahakama iliacha kumwita. Habari za namna hiyo hazihitaji kutangazwa. Mdahalo wa pili aliutazama nyumbani kwa Mama. Kitinda alikuwa na gauni lile lile. Safari hii Waziri naye aliahidi matibabu ya macho ya wazee, kwa maneno ya Daktari karibu yote, na akashangiliwa kana kwamba ni yake. Ndiye aliyeshinda uchaguzi, kwa tofauti ndogo. Mama alikataa katakata kuwaambia alimpigia kura nani.

Kitinda hakuacha kuja kwa Mama, lakini na dada yake hakutumia sauti tena. Walipokuwa chumba kimoja alisema alichotaka kwa mikono, kila kitu, mpaka "nipe chumvi", ili Mama awe shahidi wa kila neno baina yao.

Baraza jipya la mawaziri lilikuwa limeshaapishwa Kitinda alipomkuta Mwalimu peke yake, uani, anaanua nguo za Mama. Alisimama upande wa pili wa kamba. Kisha akasema kwa mdomo:

"Bunge wataanza kulionyesha kwa lugha ya alama. Wanataka wakalimani wawili, mmoja apumzike mwenzake akiendelea. Wameniambia nimtaje mwenzangu."

Mwalimu alikunja shuka.

"Nimemtaja yule kijana mkalimani wa chama cha viziwi. Nilitaka ulisikie kwangu, usilisikie nje."

"Sawa," Mwalimu alisema. "Ana mikono mizuri."

"Ya kawaida," Kitinda alisema. "Wewe unamzidi mbali."

Hayo ndiyo yaliyomchoma kuliko yote. Alimfikiria kijana yule amekaa kando ya Kitinda, anapokezana naye sentensi, na wivu ule ule ukamkaba, safari hii kwa mtu asiyemjua hata jina la baba yake. Aliushika kimya kimya kama mtu anavyoshika tumbo.

"Shika ncha hiyo," alisema. "Shuka hili ni kubwa, silimudu peke yangu."

Kitinda alisita. Kisha akashika, na wakalikunja bila kutazamana, wakisogeleana na kurudi nyuma, mpaka likaisha.